Kapu la Shela Kwenye Gari la Waziri

Ndiyo, ni mimi. Yule mwanamke mliyemwona kwenye video anakimbizana na gari jeusi la waziri Mtaa wa Msimbazi, kiatu kimoja mguuni na kingine hakijulikani kilipo, kashika shela la harusi upande mmoja na upande wa pili umebanwa na mlango wa gari, ni mimi, MC Zuu, na sina haja ya kukataa kwa sababu hata lile dera la zambarau mnalijua. Ila nimechoka na maneno yenu. Nimechoka na wanaosema nilikuwa nadai hela yangu ya kazi, nimechoka na wanaosema nilikuwa nimelewa (mimi! ambaye hata soda ya tangawizi inanipanda puani), na nimechoka zaidi na yule aliyeandika chini ya video kwamba wanawake wa Kariakoo tunapenda kiki. Aibu nimeipata, nakubali, tena nimeipata kwa jumla na rejareja, lakini kaeni niwaambie ilivyokuwa, halafu nikimaliza mniambie nani alistahili kukimbizwa.

Kazi yangu ni ushereheshaji. Singo ya kumsinga bibi harusi, sendofu, harusi, mpaka sherehe ya mtoto kutimiza mwaka, mimi ndo nashika maiki, na DJ wangu Rama ndo anashika muziki. Sasa kila shughuli yangu ina kapu. Ni kapu la ukili, kubwa, nimelizungushia shela refu jeupe la harusi (la kwangu mwenyewe, ndoa yenyewe ilikufa, shela likabaki linatafuta riziki). Ukifika wakati wa kutunza, naliweka katikati ya ukumbi, Rama anaachia muziki wa mduara, mimi naanza kuita watu kwa majina, na ninyi mnajua mila zetu, ukiitwa na MC kwa jina hakuna kukaa. Ukikaa utasemwa mpaka wajukuu zako wazaliwe. Unanyanyuka, unacheza, unafika kwenye kapu, unatupia ulichonacho, unarudi unacheza. Na kilichoingia kwenye kapu hakiandikwi, hakiulizwi, hakirudi, kwa sababu umemtunza mtu, hujamkopesha. Hilo likae kichwani.

Siku moja napigiwa simu na mtu mwenye sauti ya taratibu, anajiita Dokta Elisante, mshauri wa mikakati kwenye wizara ya mambo ya hela. Nikadhani matapeli. Akaniita ofisini Posta, ghorofani huko, kiyoyozi mpaka magoti yanagongana, akaniletea chai na biskuti, akaanza kunieleza. Serikali, kasema, kila siku inakopa nje, na mikopo ya nje ina masharti na maneno mengi, sasa safari hii inataka kukopa kwa wananchi wake wenyewe, hata mama muuza madera wa Kariakoo aweze kuikopesha nchi yake. Unatoa hela, unaandikiwa, unapewa karatasi yako inaitwa hatifungani, muda ukifika unarudishiwa hela yako na faida juu.

Nawaambieni kweli, nililipenda jambo lile. Nikasema leo angalau na sisi tutaheshimika, badala ya sisi kuomba mikopo ya kinamama kwenye kila dirisha tunazungushwa, Serikali ndo ije iombe kwetu. Nikamuuliza, "Sasa Dokta, hao watu watalipaje? Wataandikwa wapi?"

Akapunga mkono kama anafukuza nzi. "Hayo ya kitaalamu, dada Zuu. Watu wa benki watakuwepo na meza yao. Wewe kazi yako moja tu, wachangamshe. Mara ya mwisho tulifanya mkutano na wafanyabiashara, watu wakasinzia mbele ya kamera, picha zikatoka vibaya mno. Safari hii nataka iwe shughuli. Shughuli kama zako unazofanya."

"Kama zangu zangu kabisa?"

"Kabisa. Mkakati wetu ni picha."

Hayo ni maneno yake. Mimi sikuzaliwa na mkakati, nimeupata Posta, kwenye kiyoyozi, na biskuti juu.

Basi nikatangaza mtaani kwetu, nikawashonesha kinamama sare ya kitenge cha kijani, na wenye maduka wakaahidi kuja. Na Mama mkubwa Tatu akasema lazima aje. Huyu kwa wasiomjua ni dada wa mama yangu, ndo aliyenilea tangu mama alipofariki, alitoka Lindi kijana, akaanza kwa kutembeza kanga mkononi, mpaka akapata fremu yake ndogo ya kuuzia madera karibu na Msimbazi. Fremu ile ndo maisha yake. Anajua kila msumari wa ukuta wake. Na mnajua fremu za Kariakoo zilivyo sasa hivi, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo, na ukichelewa nyuma yako kuna mtu mwenye makava ya simu anataka kulipa ya mwaka mzima. Siku ile ya uzinduzi ndo siku ambayo Mama mkubwa alikuwa anapeleka kodi kwa Mzee Shabani, mwenye nyumba wake. Kaitia hela yote kwenye bahasha ya kaki, kaifunga kibindoni, akaniambia, "Napita kwanza nikuone mwanangu ukiongea mbele ya waziri, halafu baada ya alasiri namalizana na Shabani."

Alikuja kunitazama. Hakuja kukopesha mtu. Naomba mlikumbuke na hilo.

Uwanja wa hapo Kariakoo ulipambwa, turubai jeupe, zulia jekundu, viti vimevalishwa, jenereta linanguruma nyuma. Watu wa benki walikuwepo kweli, wawili, wamekaa na meza yao pale mbele kabisa, fomu zao, mihuri yao, mashine ya kutolea risiti. Nikafurahi. Mara Dokta Elisante akaja na mpiga kamera, akachungulia kwenye kamera, akakunja uso. Akasema ile meza inaharibu picha, inaonekana kama watu wamepanga foleni ya kliniki. Iondolewe. Ikabebwa na fomu zake na vijana wake wa benki, ikapelekwa nyuma ya turubai, karibu na jenereta, ambako hata uite vipi husikiki.

Nikamfuata. "Dokta, sasa watu wataandikishiwa wapi?"

"Watapelekwa baadaye. Wewe jiandae, Mheshimiwa anaingia."

Mheshimiwa waziri akaingia, akakaa, na akasimama mtu mmoja wa wizarani kusoma hotuba. Jamani! Nimehudhuria maulidi, nimehudhuria mikutano ya wazazi shuleni, lakini hotuba kama ile sijawahi. Uhimilivu wa deni, nakisi ya bajeti, ukomo wa sijui nini, yule baba anasoma hanyanyui macho, na jua la Dar mnalijua, watu wakaanza kujipepea na vipeperushi vya wizara, wenye maduka wakaanza kuchungulia simu, mmoja kabisa akapokea, nikamsikia anamwambia mtu wake, "Niko hapa Serikali inakopa, nakuja." Mheshimiwa akatazama saa. Dokta Elisante, kasimama pembeni ya jukwaa, akanitolea macho na kuzungusha mkono hewani, hivi, hivi. Changamsha!

Hotuba ikaisha, makofi matatu. Nikashika maiki. Nikauliza kwa sauti yangu ile, "Haya Kariakooo! Nani anakuwa wa kwanza kuikopesha Serikali?" Wanatazamana. Na mimi kimya kwenye shughuli kinanitia ugonjwa, nikageuza macho nikaliona kapu langu chini ya meza ya Rama (Rama analibeba kila mahali, hata tukiitwa msibani sijui kama angeliacha). Hapo ndo nilipojichimbia kaburi. Nikawaza, hawa ni watu wangu, fomu hawazijui lakini kapu wanalijua. Nikamwambia Rama weka mduara. Nikaliweka kapu mbele ya Mheshimiwa, shela limetandazwa vizuri kwenye zulia jekundu, na kwa kuwa hakuna aliyenyanyuka, nikafanya ninachofanya siku zote. Nikaita jina.

"Mama mkubwa Tatu! Fungua njia!"

Alinipiga jicho. Lile jicho nimelijua tangu nikiwa mtoto. Lakini kaitwa, na kinamama wote wa sare wameshageuka wanamtazama, kamera nayo imegeuka, akanyanyuka. Akacheza, tena anajua kucheza, mabega tu, uso umetulia. Akafika kwenye kapu, mkono ukaingia kibindoni, bahasha ikatoka. Hapo akasita. Mimi nilimwona akisita, na nyie mnielewe, mwanamke mzima mbele ya waziri na kamera, afungue bahasha achambue noti moja ya kutupia nyingine arudishe? Haifanyiki. Baadaye aliniambia alichokuwa anawaza ni kwamba huu si ni mkopo, basi nikitoka hapa nitapita pale mezani wanibadilishie nichukue changu. Akaitupia bahasha nzima.

Vigelegele! Kufungua kwake njia kukawa kama kufungua bomba. Wakaja kinamama wa sare mstari mzima, wakaja wenye maduka wanacheza na vitambi vyao, waliokuja na hela ya kukopesha wakatupia ya kukopesha, na waliokuja na elfu mbili mfukoni wakatupia buku mbili kama wanamtunza bibi harusi, vyote kwenye kapu moja, hakuna jina, hakuna karatasi. Mimi nimepandwa na mori, napiga kelele, "Mkopesheni! Mkopesheni!" Nikamtazama Dokta Elisante. Dole gumba juu, mikono yote miwili. Mpiga kamera kapiga goti. Vijana wa benki wako nyuma ya jenereta wanachati.

Kisha Mheshimiwa akasimama, akaomba maiki. Kaguswa. Katoa leso. Akasema, "Nimezunguka nchi hii, lakini sijawahi kuona wananchi wanaoipenda Serikali yao namna hii. Mchango huu mliotoa kwa moyo mkunjufu, nawaahidi, nitaufikisha."

Mchango!

Nikamtazama Dokta, Dokta anapiga makofi. Nikamtazama Mama mkubwa, Mama mkubwa kaacha kupiga makofi. Na maiki Mheshimiwa kanirudishia mimi mkononi, nilikuwa na nafasi ya kusema, "Samahani Mheshimiwa, huu si mchango, huu ni mkopo," maneno yenyewe machache, mtoto anayaweza. Mdomo wangu huu ukafunguka ukasema, "Makofi kwa Mheshimiwaaa!" Mazoea, wenzangu. Mdomo umezoea kusifia mpaka unasifia unapoibiwa.

Sijakaa vizuri, kijana mmoja wa itifaki, suti, miwani, kaliokota kapu, huyoo analipeleka kwenye gari la Mheshimiwa. Nikamfuata nikimwita, "Kaka, kaka, hilo kapu!" Akanijibu bila kugeuka, "Usijali dada, tutakuletea kapu lako." Kapu langu! Anadhani nalilia ukili! Mheshimiwa kashapanda, mlango ukafungwa, gari likaanza kuondoka, shela limebaki nje kama mkia. Mimi nikalishika. Sikupanga, mkono ulijishikia wenyewe. Gari likaongeza mwendo nami nikaongeza, kiatu kikachomoka, watu wa Msimbazi wakatoka madukani na simu zao, mwenye bodaboda akapunguza mwendo ili apate picha nzuri, napiga kelele, "Rudisheni hela za watu!" lakini kwenye video honi zimemeza yote, mnaona mdomo tu unafunguka na kufumba. Shela likachanika. Nikabaki nimekaa barabarani na nusu yake mapajani.

Nirudi uwanjani nikute nini? Kinamama wamenizunguka. "Zuu, tunaandikiwa wapi?" Tukaenda nyuma ya turubai. Vijana wa benki wanakunja meza. Wakasema kwa adabu kabisa kwamba wao hawajaletewa hela yoyote, na ambacho hakijaletwa hawawezi kukiandika. Mama mkubwa alisubiri wenzake wamalize kunifokea, ndo akanisogelea, na akanena taratibu kabisa, "Zuu, ile ilikuwa fremu yangu."

Angenizaba kibao ningeumia kidogo.

Jioni ile ile tukaenda kwa Mzee Shabani. Hakutaka hadithi. "Mimi siijui Serikali, mimi namjua Tatu," alisema, "na kuna mtu wa makava ya simu kanipigia tena leo." Nikamwachia spika zangu zote mbili kama dhamana, zile ninazozunguka nazo mji mzima, akakubali kusubiri mpaka mwisho wa mwezi na si zaidi. Kwa hiyo Serikali imekopa, na mdhamini ni mimi. Kuna mchumi yeyote hapo anieleze hiyo?

Kesho yake tukapanda Posta, mimi na Mama mkubwa. Tulikaa mapokezi mpaka tukaona watu wameenda kula na wamerudi. Dokta Elisante akatupokea akitabasamu, akasema picha zimetoka vizuri ajabu, ukiacha ile ya mwisho ya kwangu. Nikamwambia sikuja kwa ajili ya picha, nimekuja na mtu aliyetupia kodi yake ya fremu kwenye kapu lenu.

"Dada Zuu," akasema, "hela ipo. Imehifadhiwa. Tatizo si hela, tatizo ni neno. Mheshimiwa ameshasema mchango, mbele ya vyombo vya habari. Tukirudi leo tukasema ulikuwa mkopo, wapinzani watasema waziri wa hela hajui tofauti ya kukopa na kupewa."

"Kwani anaijua?" nikamuuliza.

Akarekebisha tai. Akasema tuache upepo utulie, na kama nataka kusaidia, kuna kipindi cha redio kesho asubuhi, niende niseme kinamama wa Kariakoo walitoa kwa hiari yao. Maelezo kashayaandika, nisome tu. Hapo damu ilinipanda, naapa nilisahau kama niko ofisini kwa watu. Nikamwambia, "Dokta, mimi ni MC wa harusi, sijasoma uchumi. Lakini hata harusini, mtu akiondoka na kapu kwenye gari tunamwita mwizi, hatumwiti mkakati." Mama mkubwa akanivuta mkono. Yeye alisema shikamoo yake (Dokta kwa umri ni mtoto wake, lakini ukiwa na shida ofisini kwa mtu unaamkia hata kiti), akauliza swali moja tu, "Baba, mwisho wa mwezi utakuwa umetulia, huo upepo?"

Hili linaniuma kuliko kiatu, kuliko video, kuliko vyote. Kwamba mle ndani kila mtu alijua hela ni ya nani. Hakuna aliyebisha! Walikuwa wanajadili itaonekanaje. Mtu analala na hofu ya kutolewa kwenye fremu aliyoipigania ujana wake wote, na watu wazima wenye digrii wamekaa wanapima neno gani litampendeza nani kwenye taarifa ya habari.

Wazo la sare lilikuwa la Mama mkubwa. Alisema, "Si wanapenda picha?" Basi kuanzia siku ya pili yake kinamama tukavaa vitenge vyetu vya kijani, vile vile vinavyoonekana kwenye video, tukaenda kukaa mapokezi ya wizara. Hatuimbi, hatugombi, hatuna bango. Tumekaa tu. Walinzi wakituuliza tunasema tunasubiri upepo utulie. Mchana, mmoja wetu anashuka soko la Feri kutuletea samaki wa kukaanga, tunakula kwa adabu, tunafuta mikono, tunaendelea kukaa, mapokezi yote yananukia samaki. Wageni wao wa nje wakija na mabegi yao wanapita katikati ya kijani. Siku mwandishi mmoja wa habari alipotupiga picha kutokea mlangoni, Dokta Elisante alishuka kwa ngazi, lifti aliiona inachelewa.

Usiku, simu ya Dokta. Hela itarudi. Nikasema alhamdulillahi.

"Ila itarudi kwa hafla," akasema.

"Hafla ya nini?"

"Tunaiita kuwawezesha kinamama. Mheshimiwa atakabidhi mwenyewe, bahasha kwa bahasha. Wewe utasherehesha. Na kinamama wakiitwa, waje wakicheza. Kidogo tu, kwa ajili ya picha."

Nilikuwa nimekaa kitandani, nikasimama. Yaani hela mliyokopa mkaiita zawadi yetu kwenu, sasa mnairudisha mnaiita zawadi yenu kwetu, na katikati hapo sisi ndo tucheze mara mbili! Nilitaka kuitupa simu dirishani. Lakini mwisho wa mwezi ulikuwa unagonga mlango. Nikaenda kumwambia Mama mkubwa, alikuwa fremuni anakunja madera, akaniacha nifoke mpaka nikaisha.

"Hela ni yangu?" akauliza.

"Ni yako."

"Basi nitakuja."

Uwanja ule ule, turubai lile lile. Bango jipya, uso wa Mheshimiwa mkubwa kuliko geti, na maneno ya kutuwezesha. Spika za kukodi, zangu ziko stoo kwa Mzee Shabani. Kila mmoja wetu alikuwa ametaja alichotupia na hakuna aliyeongeza hata mia, bahasha ziko mezani mbele ya Mheshimiwa, zimefungwa utepe. Utepe, jamani! Nikashika maiki, nikaita, "Mama mkubwa Tatu."

Rama akaachia mduara. Mama mkubwa akanyanyuka. Hakucheza. Alitembea kama mtu anayeenda dukani, mkoba begani, mpaka mbele. Mheshimiwa akamnyooshea bahasha kwa mikono miwili, uso kwenye kamera, meno yote nje. Mama mkubwa akaipokea, na pale ambapo alitakiwa kugeuka arudi, hakugeuka. Akafungua utepe, akauweka mezani. Akatoa hela. Akalowesha kidole ulimini. Akaanza kuhesabu.

Sisi Kariakoo ndivyo tulivyo. Hela unaihesabu mbele ya aliyekupa, hata awe kaka yako, kwa sababu ukishageuka mgongo ikipungua hiyo ni shauri yako. Lakini unamhesabia mteja, unamhesabia dalali. Waziri hatujawahi kumhesabia. Rama akazima muziki bila kuambiwa. Ikabaki sauti ya noti na jenereta. Mheshimiwa kashikilia tabasamu, kashikilia, mashavu yakaanza kuchoka, likabaki la upande mmoja. Alipofika katikati Mama mkubwa akapotewa na hesabu, akasema "samahani baba," akaanza upya. Dokta Elisante pembeni ananitolea macho, anazungusha mkono, hivi, hivi, changamsha, changamsha!

Nikaizima maiki.

Mama mkubwa akamaliza. Akaikunja hela, akaifunga kibindoni, akamtazama Mheshimiwa kwa heshima zote. "Imetimia, mwanangu," akasema. "Mkopo wangu umerudi. Hatudaiani." Akaondoka moja kwa moja kuelekea kwa Mzee Shabani, hata kiti chake hakurudia. Nikamwita wa pili kwa mdomo mtupu. Wa pili akaja akitembea. Akafungua utepe. Akalowesha kidole.

Walihesabu wote, nawaambia. Kuna mmoja alitupia buku mbili tu, na yeye akahesabu, moja, mbili, akarudia kuhakikisha. Kamera zilikunjwa zamani. Mheshimiwa kakaa pale jasho linamtiririka hawezi kuondoka, maana bahasha anakabidhi mwenyewe, mkakati ulisema.

Fremu ipo, piteni mkanunue madera. Spika zangu nimezipata, moja inakwaruza, kuna panya stoo kwa Mzee Shabani. Hela yangu ya ushereheshaji, ya siku zote mbili, mpaka leo ninapoongea nanyi sijalipwa, na kapu waliniletea kweli, tupu. Na ile video ya kinamama wanahesabu hela mbele ya waziri hamjaiona hata mmoja wenu, sivyo? Hakuna aliyeirusha. Mnayo ya kwangu tu, ya kiatu kimoja. Juzi harusini Ilala nimeita mtu wa kwanza aje kutunza, mzee mzima kacheza mpaka kwenye kapu, akasimama na noti yake hewani, akauliza ukumbi mzima ukisikia, "MC, hii inarudi au hairudi?" Watu walicheka mpaka bibi harusi akalia wanja ukashuka. Nami nikacheka, nifanyeje.

Ila nimeapa, na Rama shahidi. Nusu ya shela langu iliondoka kwenye mlango wa gari la watu, hii nusu iliyobaki nimeishona upya, na kapu langu halitokaa tena mbele ya mtu ambaye dereva wake hajazima gari.